Digrii ya Pili ya Baba Pacha

Mume wangu alipochaguliwa kusomea fiziotherapia chuo kikuu, alikuwa na miaka arobaini na tatu, mvi kwenye ndevu, mabinti pacha walio sekondari, na digrii ya masoko ambayo sijawahi kumwona akiitaja kwa furaha. Alikuja kuniambia saluni. Nilikuwa nimeshika kichwa cha mteja, nusu kimesukwa, nusu kimetimka, akaingia na simu mkononi kama mtu aliyeokota kitu barabarani na hajui ni cha nani.

"Wamenichukua," akasema.

"Nani kakuchukua?" Aliyeuliza ni mteja. Mimi nilikuwa nimeshaelewa.

Mtaani wote wanamwita Baba Pacha, mpaka mama yangu mzazi. Kwa miaka mingi aliuza rangi za nyumba. Alizunguka maduka ya vifaa vya ujenzi na kadi zake za rangi, akiwashawishi watu kwamba maziwa na pembe ya ndovu ni rangi mbili tofauti. Kazi hiyo aliifanya vizuri, ila akirudi nyumbani hasemi kitu, anavua viatu na kukaa. Kisha baba mkwe akaanguka bafuni. Kiharusi. Upande wote wa kulia ukalala, na maneno yakabaki machache mno. Mwezi uleule kampuni ikapunguza wafanyakazi, na jina la Baba Pacha likawemo. Kila mtu alidhani atatafuta kazi nyingine. Yeye akamhamishia mzee kwetu na kuanza kumuuguza.

Kutoka hospitali alikuwa anakuja mama mmoja mfupi, mikono ya chuma, mtaalamu wa viungo. Alikuja mara mbili kwa mwezi tu, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wengi na wenzake ni wa kuhesabu. Alichofanya yeye mara moja, Baba Pacha alikirudia kila siku: kuukunja mguu, kuunyoosha, kumkalisha mzee ukingoni mwa kitanda, kumsimamisha, kumshika kiunoni kwa kanga. Mzee alikuwa analia, anatukana kwa maneno nusunusu. Baba Pacha anamjibu, "Ndiyo baba, mimi mjinga, haya inua tena." Haukupita mwaka, baba mkwe akatembea mwenyewe kutoka chumbani hadi sebuleni, akajishusha kwenye kochi, akatazama mabinti waliokuwa wanaangalia televisheni, akasema, "Sauti!" Neno zima, halina kasoro. Mabinti wakapunguza sauti. Baba Pacha akatoka nje, nikamkuta nyuma ya tangi la maji anafuta macho kwa ile kanga ya kumfungia mzee.

Baba mkwe alipofariki, alifariki kwa maradhi mengine, na kwa miguu yake alikwenda mwenyewe kwenye gari la kumpeleka hospitali. Baada ya maziko yule mama wa viungo alimshika mume wangu mkono akamwambia, "Kasome hii kazi. Nakwambia kweli, wewe kasome."

Mimi nilikubali, na hilo niliseme wazi. Nilikubali kwa mdomo wangu. Nilifikiri hospitali zinazolia kila siku hazina wataalamu zitampokea kwa mikono miwili mtu anayetaka kuwa mtaalamu. Ndivyo akili ilivyonidanganya.

Tulianzia ofisi ya mikopo ya wanafunzi. Afisa aliyetuhudumia alikuwa kijana, tai imemkaba, adabu tele.

"Shikamoo mzee. Mkopo ni wa mtoto yupi?"

"Ni wangu," Baba Pacha akasema.

Kijana akanitazama mimi, kama anaomba msaada. Nikatazama feni.

Akaingiza namba kwenye kompyuta, akasubiri, akakunja uso. "Mzee, hapa inaonyesha una digrii."

"Ninayo. Ya masoko."

"Sasa mkopo wetu ni wa digrii ya kwanza."

"Naelewa. Lakini hii ni ya afya, na mmetangaza wenyewe kwamba afya ni kipaumbele."

"Ni kipaumbele kwa digrii ya kwanza." Akabonyeza tena, akakohoa. "Halafu, samahani mzee, inaonyesha mkopo wako ule wa zamani haujaisha."

Kweli haukuwa umeisha. Kampuni ilikuwa inakata mshahara wake kila mwezi, na alipoachishwa, makato yakasimama na adhabu zikaanza kupanda zenyewe kama mmea wa kutambaa. Tulikuja kuomba, tukatoka tunadaiwa. Mlangoni kijana alituaga vizuri sana. "Karibuni tena," akasema. Nilitaka kumuuliza tena ya nini, Baba Pacha akanivuta mkono.

Baada ya hapo tukazungushwa kama pia. Shirika moja la ufadhili lilitaka walio chini ya miaka thelathini na tano. Jingine lilitaka wanawake. Benki ilitaka hati ya mshahara, na mtu anayekwenda kusoma hana mshahara, ndiyo maana anakopa. Nilijaribu kumweleza hivyo yule dada wa benki na akaniambia hoja yangu ni nzuri. Hoja nzuri hailipi ada.

Mlango pekee uliokuwa na mwanga ni wa hospitali yenyewe. Hospitali ile kubwa, alikotoka yule mama wa viungo, ilikuwa na mfuko wa kusomesha watu wake. Wa nje walikuwa na kikomo cha umri, ila mtumishi wa ndani hakuwa na kikomo. Baba Pacha akasoma masharti yale mara mbili, mbele yangu, kwa sauti. Kisha akaomba kazi ya uhudumu wa wodi.

"Wewe?" nikamuuliza. "Kusukuma machela?"

"Mwaka mmoja tu, Mama Pacha. Nikishakuwa mtumishi naomba ufadhili kama mtumishi. Chuo wamesema watanitunzia nafasi."

Basi akavaa sare ya kijivu. Akasukuma machela, akabadilisha mashuka, akabeba maiti na akabeba makopo ya mkojo. Madaktari vijana walimwita "mzee wa machela". Mteja mmoja aliwahi kuniambia saluni, mbele za watu, kwamba amemwona mume wangu hospitali anapiga deki, kumbe mambo yamekuwa magumu hivyo? Nikamwambia ndiyo, magumu, na wewe unadaiwa pesa ya kusukwa ya mwezi uliopita.

Sasa lazima nimlete wifi yangu, dada mkubwa wa Baba Pacha, kwa sababu bila yeye habari hii haieleweki. Wifi ni muuguzi mkuu wa hospitali hiyohiyo. Kila mtu anamwita Matroni, hata sisi nyumbani. Ni mwanamke mrefu, mkavu, anatembea kama anakagua gwaride. Alikuwa na kiti kwenye kamati ya huo mfuko wa kusomesha. Mimi, ninayejua namna dunia inavyokwenda, nilijua shughuli imekwisha. Ndugu yupo kikaoni, tunahangaika na nini?

Mwaka ukaisha. Akaomba. Jibu likaja kwenye ubao wa matangazo, karibu na stoo ya vifaa vya usafi, watu wote wakilisoma pamoja naye: ombi limekataliwa, mwombaji amezidi sifa. Akaenda kuuliza ofisini. Wakamweleza kwamba ufadhili wa kada ya wahudumu ni kwa ajili ya wasio na elimu ya juu, ili wapande. Mwenye digrii anapaswa kuomba kupitia kada ya wataalamu. Na kada ya wataalamu? Hiyo ni ya wenye digrii za afya.

"Kwa hiyo mimi nimesoma mno kuwa mhudumu, na sijasoma vya kutosha kuwa mtaalamu," aliniambia jioni ile, amekaa ukingoni mwa kitanda na sare yake. Wala hakupandisha sauti. Karani mmoja alikuwa amemnong'oneza kwamba kosa lake ni kuitaja ile digrii. Mwakani aombe bila kuitaja, nani atafukua? "Nimemwambia hapana. Nikidanganya kuingia, watanitoa nikiwa mwaka wa tatu. Nitakuwa nimepoteza na ada na jina."

Nikamuuliza kuhusu dada yake. Alisema hajui. Nikavaa viatu.

Matroni alinifungulia mlango akiwa na miwani ya kusomea, vitambaa vya kochi vimenyooka kila kimoja mahali pake. Hakuniuliza nimefuata nini.

"Wifi, karibu. Kaa."

"Sikai, wifi. Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Ulikuwepo kikaoni?"

"Nilikuwepo mpaka lilipofika jina lake. Ndugu akitajwa, unatoka nje. Nikatoka."

"Ukatoka. Ukakaa koridoni unasubiri wamalize kumkataa mdogo wako."

"Ulitaka nifanye nini? Nipige meza? Wote pale wanajua ni mdogo wangu. Ningefungua mdomo, wangesema ni undugu, na wale wauguzi wangu wanaonyimwa kila mwaka ningewatazama vipi?"

"Ungeweza kuwaambia alichokifanya kwa baba yenu! Wewe ni nesi tangu sijaolewa. Nani alimgeuza baba yenu usiku na mchana? Ni wewe au ni muuza rangi?"

Hapo nilijua nimevuka mpaka, lakini gari lilikuwa halina breki. Matroni akavua miwani. Uso wake haukubadilika, ila alianza kuifuta miwani ile kwa pindo la gauni, akaifuta, akaifuta.

"Nilikuja," akasema. "Wiki ya kwanza. Wewe ulikuwa saluni. Nikataka kumgeuza baba, akanisukuma na mkono wake mzima. Hakutaka binti yake amwone vile, mchafu, hana nguo. Akamwita yeye. Mimi nimewageuza watu nisiowajua maisha yangu yote, wifi, baba yangu akanikataa. Nikaenda zangu kazini. Baada ya pale kila nikija mlangoni kwenu natuma matunda, nageuza narudi."

Sikuwa nalijua hilo. Na sitasema hasira ziliniisha, maana hazikuniisha. Zilikosa tu pa kwenda. Nilikuwa nimekuja kumchukia mtu, sasa hata hilo nikanyimwa. Nikamwambia pole, kavu, nikaondoka. Nje nikakumbuka sikumuaga.

Chuo hakikuwa na subira nyingine. Ama alipe na kuingia, ama nafasi apewe mwingine. Tukachukua kilichobaki cha mafao ya kampuni ya rangi, nikapokea zamu yangu kwenye mchezo wa akina mama wa kuchangiana pesa kabla ya wakati kwa kubadilishana na jirani, nikauza mashine mbili za kukaushia nywele. Baba Pacha akaingia darasani. Wanafunzi wenzake walikuwa na umri wa kuwa watoto wake. Siku ya kwanza walisimama wote alipoingia, wakidhani ni mhadhiri. Akawaambia wakae, naye akatafuta kiti nyuma. Tangu hapo wakamwita Anko.

Jumamosi na Jumapili alirudi kusukuma machela kwa malipo ya kutwa. Siku za kazi alisoma. Mabinti walimsaidia kukariri majina ya mifupa wakati wa kuosha vyombo; nyumba nzima ikawa inaita goti na nyonga kwa majina ya ajabu. Muhula wa kwanza alifaulu vizuri, nami nikaanza kupumua. Muhula wa pili wateja wakapungua. Kuwa na mashine moja ya kukaushia ni kuwaambia watu wasubiri, na watu hawasubiri, wanakwenda saluni ya ng'ambo ya barabara. Tulilipa ada kiasi, tukaomba tumalizie baadaye. Mtu wa dirisha la uhasibu alisema sawa, hakuna neno.

Siku ya mtihani wa kwanza alitoka na shati lililopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Sijamaliza kichwa cha mteja wa kwanza, nikamwona amesimama mlangoni mwa saluni.

"Umesahau kitu?"

"Wamenitoa mlangoni."

Jina lake halikuwa kwenye orodha ya waliomaliza ada. Wale vijana walimzunguka msimamizi, wakamwomba, "Mwache Anko aingie, tutachanga sasa hivi, hapahapa." Mmoja alikuwa ameshavua kofia na kuanza kuipitisha. Baba Pacha aliwaambia waingie, wasichelewe kwa ajili yake. Alisimama nje mpaka mlango ukafungwa. Kisha akaja kwangu, maana hakujua pengine pa kwenda akiwa na shati lile.

Nilimwomba mteja samahani, nikamshika mume wangu mkono, tukaenda chuoni. Mhasibu alikuwa nyuma ya kioo, anatafuna kitu.

"Tuliambiwa tumalizie baadaye," nikasema.

"Nani aliwaambia?"

"Aliyekuwa amekaa hapo ulipokaa wewe."

"Huyo amehamishwa. Hata mkilipa sasa, mfumo umeshafunga. Mfumo haunikubalii."

"Huo mfumo unakaa ofisi gani?" nikamuuliza. "Niitie nizungumze nao. Nimeshazungumza na kila mtu, labda wenyewe una akili."

Baba Pacha akasema, "Mama Pacha, basi." Mhasibu akashusha pazia dogo la dirisha, na nyuma yetu foleni ya watoto wa watu ikatutazama. Mume wangu akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi sikuona cha kuchekesha hata kidogo, nikampiga kofi la bega, kisha nikamkumbatia palepale mbele ya dirisha. Hatukupata kitu. Muhula ule ukapotea wote, arudie mwakani na darasa la nyuma yake, ada upya.

Zikapita kama wiki mbili hivi. Nilimwambia labda tuache. Ni mimi niliyesema, si yeye. Nilimwambia duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa pili linatafuta mtu anayejua rangi. Akanitazama, akasema, "Nitakwenda nikawaone." Alivyolisema bila ubishi, ndivyo lilivyoniuma zaidi. Na kweli alikwenda, wakamwambia aanze mwezi ujao.

Kabla mwezi haujaisha, Matroni akaingia saluni kwangu. Hajawahi kuingia hata siku moja. Nywele zake husukwa na mtu wa hospitali. Akakaa kwenye kiti bila kuambiwa, akafungua kilemba.

"Nisuke," akasema. "Mistari ya kawaida, ya kwenda nyuma."

Nikachukua kitana. Nilimchambua nywele, zilikuwa na mvi nyingi kuliko nilivyodhani.

"Nimesikia yaliyotokea mlangoni," akasema, akinitazama kwenye kioo. "Wodini wamenihadithia wahudumu, wanadhani najua. Nimekwenda chama chetu cha kuweka na kukopa. Mtu wa kutwa kama yeye hapewi mkopo mkubwa bila mdhamini mwenye pensheni. Nimeweka jina langu."

Mkono wangu ukasimama.

"Wifi, hatujakuomba."

"Najua. Hamtaniomba tena, ndiyo maana nimekuja. Akishindwa kulipa watakata kiinua mgongo changu. Nimeshawaambia wakate."

"Na wakisema undugu?"

"Ni pesa yangu. Waseme." Akayaondoa macho kwenye kioo. "Mwambie asinipigie simu kunishukuru. Sitaweza kuongea."

Ningependa kusema tulilia. Hatukulia. Nilikuwa na furaha, na bado nilikuwa nimejaa hasira mpaka kooni: kwamba mtu mzima anayetaka kuwasimamisha wagonjwa kwa miguu yao lazima akopeshwe uzee wa dada yake ndipo apate kusoma, kwamba ilitosha maneno machache kikaoni mwaka mzima nyuma, na yeye akayameza. Ndani ya kifua mambo hayo yalikaa pamoja, hakuna lililompisha mwenzake. Nilimsuka vizuri, wala hakuna atakayesema nilimharibu. Ila mistari ya mbele nilimkaza. Alikunja uso, macho yakamvutika kwenda juu, hakusema "punguza" hata mara moja, na nilipomaliza akalipa bei kamili, nami nikapokea.

Baba Pacha alirudi darasani mwaka uliofuata, kiti kilekile cha nyuma, na watoto wapya wakasimama tena kumwamkia kama mhadhiri. Wale wa zamani wako mbele yake sasa. Wakikutana naye koridoni wanamwachia madaftari yao ya masomo. Mkopo wa chama tunaulipa kila mwezi, na ule wa digrii ya masoko nao umeanza kutupigia simu. Ana miaka mitatu mbele. Nimenunua mashine ya kukaushia nywele iliyotumika, inafanya kazi ukiipiga ubavuni.